Nani Atalala Kitanda cha Onni

Wodi ya Mifupa, mjini
9 Novemba 1985

Mkamwana Loralee,

Nakuandikia nikiwa nimelala chali, mguu umefungwa kama soseji, na huyu muuguzi hataki nishike hata kikombe cha kahawa asipokuwepo. Nyonga imeungwa kwa vyuma. Nilianguka kwenye ngazi za bafu langu la mvuke, si msituni, kwa hiyo usinifanye shujaa mbele za watu.

Sasa sikia. Tarehe kumi na tano msimu wa kulungu unafunguliwa, na sheria ya kambi yetu unaijua, na kama huijui ni hii: kitanda kisicholaliwa na mtu wa nyumba yake usiku wa kuamkia ufunguzi kinapewa anayesubiri. Anayesubiri ni Duane, mkwe wa Reino. Nasikia ameshanunua godoro. Kitanda kile alilala baba yangu kabla yangu, na sitaki kufikiria matako ya Duane juu yake.

Mwanangu Dale, mume wako, yuko melini ziwani mpaka barafu ifunge njia, na hata angekuwepo, akiona damu anazimia. Umebaki wewe. Hakuna mwanamke aliyewahi kulala kambini, lakini hakuna pia sheria inayomkataza. Reino, mkuu wetu wa kambi, nimemuuliza, akakohoa sana, mwishowe akakubali.

Chukua bunduki yangu, ile ya marehemu baba, ya kukoki kwa mkono. Haina darubini na usiiwekee. Dume linaloonekana kwa darubini tu bado liko mbali. Ulingo wangu uko juu ya mti ukingoni mwa kinamasi cha mierezi. Panda kabla hakujapambazuka, upepo wa ziwani ukupige usoni, kisha kaa. Watu wa kusini hamuwezi kukaa, najua, lakini jaribu.

Ukiua, toa matumbo palepale, usitoboe kibofu. Moyo na ini ni vya jioni ileile. Dume lenyewe litundikwe kwa pembe zake kwenye gogo la mbele ya kambi, na ngozi yake, pamoja na ya wenzako, mpaka siku ya mwisho. Ndivyo tunavyofanya.

Niambie kama utakwenda.

Baba mkwe wako,
Onni Rautio

*

Nyumbani
10 Novemba 1985

Baba!

Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, nikapiga ukelele mpaka paka akakimbilia chini ya kabati. Nitakwenda! Ningekwenda hata kwa kutambaa!

Unajua tangu niolewe nikaja kuishi kwenye theluji hii hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama najua kuwinda? Wananiuliza kama nasikia baridi. Wananiuliza kama kwetu Georgia, huko kusini, kuna mamba. Mimi nimelelewa mitini, Baba. Baba yangu alinipandisha ulingoni kabla sijajua kufunga kamba za viatu, na alifariki mwaka uleule niliopata dume langu la kwanza, kabla sijamfikishia habari. Kwa hiyo ukiniambia nenda ukalinde kitanda cha mzee wako, hujui umegusa wapi. Kitanda hicho hakitoki kwako. Nakuahidi.

Mambo mawili tu. Mimi ni mtu wa upinde. Bunduki naijua, lakini mkono wangu unapenda upinde.

Na hilo la kutundika tutaongea. Kwetu kulungu akianguka anachunwa papo hapo, nyama inaingia kwenye sanduku la barafu kabla inzi hawajapata habari. Nyama iliyokaa na ngozi yake siku nyingi, kwetu hata mbwa anaifikiria mara mbili.

Nakusalimu kwa furaha mpaka kalamu inateleza,
Loralee

*

Wodi ya Mifupa
12 Novemba 1985

Loralee,

Upinde ni wa Oktoba. Novemba ni bunduki.

Kuhusu gogo hakuna cha kuongea.

Onni

*

Kambini
14 Novemba 1985

Baba,

Naandika haraka maana Wilbert anakwenda mjini kuchukua mikate, ameshawasha gari na anapiga honi.

Nimefika. Mfuko wangu uko juu ya kitanda chako, mimi nimekaa juu ya mfuko, na sibanduki hapa mpaka kesho alfajiri hata kambi ishike moto. Duane kweli amekuja na godoro, amelifunga kwa kamba juu ya gari. Aliponiona akasema, "Shemeji, umekuja kutupikia?" Nikamwambia, "Nimekuja kulala. Wewe ndiye mwenye godoro, mbona umesimama?" Wilbert alicheka mpaka meno ya bandia yakamtoka.

Hebu nikueleze wenzako nilivyowaona, ingawa unawajua. Reino anawindia ndani ya kibanda chenye jiko la mafuta na redio, anavuta kiko humo kutwa nzima, halafu anashangaa kwa nini kulungu wa wilaya nzima wanajua alipo. Duane ana bunduki ya kuangushia nyati na darubini kubwa kama chupa ya chai. Nguo zake zote ni mpya, zinanuka duka, kwa hiyo anajipulizia mkojo wa mbweha. Tumefungua madirisha yote. Na Wilbert ana bunduki ya babu yake, imeliwa na kutu mpaka namba hazisomeki, na risasi moja tu mfukoni. Nikamuuliza, "Babu, ukikosa je?" Akanijibu, "Mwanangu, nikikosa huwa nimeshachoka. Narudi kulala."

Wengine wawili ni ndugu, wale wa duka la mbao. Hawaongei. Wanakula mkate wa iliki na kunitazama kama nimeshuka na mvua.

Bunduki yako nimeisafisha na kuipaka mafuta. Usiwe na wasiwasi nayo, iko salama kabisa.

Honi tena! Niombee.

Loralee, askari wa kitanda

*

Kambini
15 Novemba 1985, jioni

BABA BABA BABA!

Nimepata dume! Pembe zake zina matawi manane na shingo nene kuliko ya Reino!

Nilikaa. Miguu ilikufa ganzi mpaka nikadhani nimeisahau kambini, lakini nilikaa. Kulipopambazuka tu nikasikia bunduki ya Duane, buuum, halafu buuum tena, halafu Duane akitukana, nikajua leo kuna shati litakatwa, maana kambini anayekosa hukatwa shati. Punde majike mawili yakapita chini yangu mbio, na nyuma yao, pua chini kama mtu aliyeangusha funguo, likaja dume.

Upepo ulikuwa usoni kwangu, kama ulivyosema. Moyo ulinipiga kwa kelele mpaka nikaona aibu. Likapita nyuma ya mwerezi, nikajiandaa. Likatokea, likasimama, likageuza shingo kuwatafuta wake zake. Nikaachia! Likaruka juu, likatimkia kinamasini, nikasikia vijiti vikivunjika, kisha kishindo, kisha kimya. Nikasubiri. Baba yangu alinifundisha kusubiri hata kama roho inataka kuruka kabla yako. Niliposhuka nikakuta damu ya waridi yenye povu, damu ya mapafu, na dume lenyewe limelala palepale karibu, macho bado yana mng'aro.

Nililia, Baba. Sikutegemea. Nililishika shingo, nikaliambia asante, nikalia kama mjinga, halafu nikatoa kisu. Matumbo yote yametoka bila kutoboa hata utumbo mmoja. Moyo na ini tumekaanga kwa siagi na vitunguu, Reino kalamba kikaango. Na Duane, kwa kukosa mara mbili, kakatwa mkia wa shati lake jipya, ukapigiliwa ukutani na jina lake, na yeye mwenyewe ndiye aliyeshika nyundo maana alitaka ukae sawasawa.

Kitanda ni chako! Nimekilinda! Lala usingizi mzuri, Baba.

Loralee wako

*

Kambini
16 Novemba 1985

Onni, ndugu yangu,

Pole na mguu. Huku wote wazima, kahawa ipo, baridi ni ile tunayoipenda. Nimepata dume, matawi sita. Ndugu wa mbao kila mmoja na lake. Hata Wilbert kapata, na naapa alipiga akiwa amesinzia.

Mkamwana wako ni mwindaji, hilo silikatai. Lakini kuna mawili ambayo nadhani hakukuandikia.

La kwanza, bunduki ya marehemu baba yako iko kitandani chini ya blanketi, imefunikwa mpaka shingoni utadhani mgonjwa wa homa. Haijatoka nje tangu ifike. Lile dume kaliua kwa mshale. Mshale, Onni, siku ya ufunguzi wa bunduki! Watu wa kambi ya jirani wameshasikia.

La pili ndilo kubwa. Hakulitundika. Alilichuna lingali la moto, nyuma ya kambi, peke yake, akiimba. Akatenga minofu yote na mifupa, akaipanga kwenye masanduku mawili ya plastiki, tabaka la nyama, tabaka la theluji, na chini akaacha kizibo wazi ili maji yachuruzike. Nilipotoka na kahawa yangu kumwonyesha namna ya kufunga kamba, nilikuta ngozi, kichwa na mifupa. Nikamwambia, "Binti, gogo liko mbele." Akanijibu, "Mzee Reino, na nyama iko hapa."

Gogo lina madume manne na nafasi moja tupu, ya kwako. Wapita njia wanapiga honi mara nne, moja kwa kila dume, wanaondoka. Inauma kuangalia.

Unajua tulivyokubaliana tangu zamani: asiyetundika hajafuata sheria ya kambi, na asiyefuata sheria hana kitanda. Duane hanipumzishi. Tutapiga kura tarehe ishirini, siku ya karamu, wake zetu na majirani wakiwepo. Mwandikie. Labda wewe atakusikia.

Reino Mattila

*

Wodi ya Mifupa
17 Novemba 1985

Loralee,

Reino ameniandikia.

Upinde nimeusamehe, kwa kuwa dume limekufa haraka na bila mateso, na kwa kuwa nilicheka nilipofika kwenye bunduki iliyofunikwa blanketi. Muuguzi alidhani nalia.

Lakini gogo! Gogo lile baba yangu alilikata mwenyewe, akalibeba begani na rafiki zake, akalipandisha kwa kamba. Kila dume nililoua maishani limening'inia pale. Huku kwetu hatuweki kulungu kwenye sanduku kama samaki wa sokoni. Huku nje ndiyo friza yetu. Nyama ikikaa kwenye baridi ndani ya ngozi yake inalainika, inapata ladha, na watu wanaona kazi ya mtu. Kwenu kuna joto, sawa. Kwetu hakuna.

Unaniambia kitanda hakitoki kwangu, halafu unakitoa mwenyewe kwa ajili ya masanduku mawili! Sitaki kusikia habari za inzi. Nataka nisikie kwamba kabla ya kura kuna dume kwenye nafasi yangu, limetundikwa kwa pembe zake, mbele, barabarani, linaonekana na kila mtu. Utafanyaje sijui. Tundika.

Onni

*

Kambini
18 Novemba 1985

Baba mpendwa mwenye hasira,

Nimetundika.

Ulisema hujui nitafanyaje, basi nikueleze. Ngozi nilikuwa nayo nzima, na kichwa chake. Nimeshona tumbo kwa uzi wa kuvulia samaki. Ndani nimejaza majani makavu ya godoro la zamani la Wilbert, ambalo hata yeye alikuwa ameanza kuliogopa. Nimeyashindilia kifuani, mapajani, shingoni, kisha nikalipandisha kwa kamba, kwa pembe zake, mbele, barabarani, kwenye nafasi yako. Baba, ndilo zuri kuliko yote! Mengine yamelegea, langu limetuna kifua kama askari wa gwaride. Leo asubuhi gari la kwanza lilipiga honi ndefu mpaka kona. Jamaa mmoja alisimama, akashuka, akapiga nalo picha.

Reino alilizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua. Akalisukuma kwa kidole, likayumba kama puto. Akasema, "Hili si dume." Wilbert akamwuliza, "Basi ni jike?" Wakaanza kubishana kama sheria inataka dume lenye nyama au dume tu, wakabishana mpaka kahawa ikachemka ikamwagika. Duane anasema ni utapeli. Ndugu wa mbao walicheka, wote wawili, kwa sauti. Reino anasema hajawahi kuwasikia.

Sasa niache utani. Upepo umegeuka. Tangu jana mchana unatoka kusini, paa linadondoka maji, theluji inakuwa uji. Nimevua koti la sufu. Mimi joto nalijua linavyoingia, Baba, linaingia kama mgeni mwenye adabu na linaondoka na kila kitu. Nimewaambia washushe madume yao, wayachune leo leo, nitawasaidia. Reino akasema tangu kambi ijengwe hakuna dume lililoshushwa kabla ya siku ya mwisho, na kwamba huu ni upepo wa kupita.

Naogopa. Naogopa kura. Naogopa urudi mwakani ukute godoro la Duane pale alipolala baba yako, na sababu iwe mimi. Sijawahi kutaka kitu hapa ugenini kama ninavyotaka hicho kitanda kibaki chako. Lakini nyama siitoi kwenye barafu. Hilo siwezi, hata kwa ajili yako. Kutwa nazunguka upande wa kivuli wa kinamasi nachota theluji iliyobaki kwa ndoo.

Usinikasirikie sana.

Loralee

*

Kambini
21 Novemba 1985

Onni,

Barua hii naiandika mwenyewe ingawa Wilbert alijitolea, kwa sababu aibu ni yangu.

Haukuwa upepo wa kupita. Ulikaa, ukaleta mvua ya uvuguvugu, na jana inzi waliamka kwenye kuta za kambi kana kwamba ni Juni. Nasi tulikaa ndani tukitazama madume yetu dirishani, kila mmoja anangoja mwenzake awe wa kwanza kusema tushushe. Hakuna aliyesema. Hata mimi ninayeitwa mkuu wa kambi.

Jana mchana wageni wakaanza kufika kwa karamu. Wake zetu, majirani, mchungaji. Nikatoka na kisu kukata paja la dume langu la kuoka, kama kila mwaka. Nilipopasua mpaka karibu na mfupa ikatoka harufu, Onni. Nyama pale mfupani ilikuwa ya kijani. Nikapasua paja la pili, vilevile. Ndugu wa mbao wakapasua ya kwao. Wilbert akalinusa lake kwa mbali tu, akavua kofia. Madume manne! Wanyama wazima wenye afya, tumewaua halafu tumewaozesha kwa sababu ya kuona haya. Sijawahi kujisikia vile mbele ya watu.

Nilitegemea mkamwana wako atasema neno. Ningekuwa mimi ningesema maneno siku nzima. Yeye alinyanyua masanduku yake akayaweka juu ya meza, akafungua, na nyama ilikuwa nyekundu, imekauka vizuri, baridi kama asubuhi ya ufunguzi. Akamwambia Duane, "Kata vitunguu." Duane akakata!

Akatoa sarara akaikata vipande vinene, akavigusisha tu kwenye kikaango chenye siagi, nje kahawia, ndani waridi. Nyama ya bega akaipika taratibu na pilipili za kwao mpaka ikawa inaachana kwa uma. Watu walikula, kisha wakaanza kuongea wote kwa pamoja, kisha mke wangu akaimba. Mchungaji aliomba aongezwe, akaomba tena. Onni, nimekula kulungu maisha yangu yote na nadhani jana ndiyo nilimwonja.

Kura? Nilisimama nikafungua mdomo, Duane akanitangulia. Alikuwa na mchuzi kidevuni. Akasema, "Baba mkwe, godoro langu linafaa kabisa kwenye gari. Kitanda cha Onni hakina mjadala." Mikono yote ikapanda juu, mpaka ya wageni wasio na kura.

Sasa nikwambie kosa langu. Kwa furaha, na kwa kile kinywaji cha ndugu wa mbao, nikamkumbatia mkamwana wako, nikamwambia, "Onni alijua utaweza! Ndiyo maana alituomba tukubane, tuone kama unafaa kurithi kitanda, kwa kuwa daktari amemkataza msitu maisha yake yote." Nilidhani umeshamwambia. Uso wake uliniambia hukumwambia. Aliweka sahani chini, akatoka nje, akashika masanduku matupu akaanza kuyasugua, akasugua mpaka wageni wote wakaondoka.

Nisamehe, ndugu yangu. Nakutumia kipande cha sarara kwa mkono wa Wilbert.

Reino

*

Wodi ya Mifupa
22 Novemba 1985

Binti yangu Loralee,

Sijawahi kukuita hivyo. Nilipaswa kukuita hivyo zamani.

Ni kweli. Vyuma hivi havitaniruhusu kupita kwenye theluji ya magotini, wala kuvuka kinamasi, wala kupanda ulingo. Daktari alinieleza kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Sikukuambia kwa sababu ungekwenda kwa kunihurumia, na mtu wa huruma hawezi kukaa kimya juu ya mti. Nilitaka nione kama unakitaka kwa hamu yako mwenyewe. Na nilimwambia Reino asikulegezee. Halafu nikawa mimi ndiye niliyekufokea kuliko wote, na kuhusu nyama nilikuwa nimekosea. Nimelala hapa nikiagiza utundike, na wewe ulikuwa unachota theluji kwa ndoo. Nimeona aibu sana.

Wilbert ameleta sarara. Nimeila ikiwa imepoa, kwa vidole, muuguzi akinitazama, na nikamnyima.

Kitanda ni chako sasa. Chonga jina lako pale ubavuni, chini ya langu. Bunduki mpe Duane kama ataikubali bila darubini. Mimi nimewinda ya kutosha. Novemba nitakaa dirishani na kahawa, nitangoja barua zako, na usidhani nahuzunika. Nina redio.

Onni

*

Kambini
24 Novemba 1985

Baba,

Sikitaki.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila nikifika kwenye "nina redio" nataka kuja hapo wodini nikutikise. Wewe! Mtu aliyeniambia niweke upepo usoni, niliyemwona akifungua dirisha kila asubuhi ya Novemba ili anuse tu! Unahuzunika. Usinidanganye tena. Ulinificha mguu, mimi nikakuficha upinde, tumelipana, tuachane na hilo.

Siku ile nililia nyuma ya kambi, ni kweli. Wote walidhani nimeudhika kwa kujaribiwa. Mimi nilikuwa nimelinda kitanda ili mtu arudi kukilalia, halafu naambiwa harudi. Baba mmoja alishaondoka kabla sijamwonyesha dume langu. Sikubali kufanywa hivyo mara ya pili na mtu aliye hai, mwenye macho yake, anayekula sarara kwa vidole.

Kwa hiyo jana niliitisha kikao. Ndiyo, mimi! Reino aliketi akavuta kiko kama mshtakiwa. Tumekubaliana mambo haya, na hakuna aliyepinga. Duane atapanua mlango wa kambi. Ameshaanza, kaukata upande mmoja mrefu kuliko mwingine, Wilbert anamsimanga. Ndugu wa mbao wanaunda kigari cha kuburuza juu ya theluji, chenye kiti na mgongo, na ngozi ya dume langu itakuwa blanketi lake. Mmoja wao alitamka sentensi nzima kuhusu misumari. Mimi na Duane tunajipigilia kitanda kipya cha ghorofa, yeye juu mimi chini, na tumeshagombana kwa ajili ya kukoroma. Kibanda cha Reino kitahamia ukingoni mwa kinamasi chako, bila redio, na utakaa humo na bunduki ya baba yako. Gogo linabaki. Tutatundika siku za baridi, na upepo ukigeuka nitasema neno moja tu na yote yatashuka. Wewe ndiye utakayesimamia meza ya kukatia nyama, umekaa, na utanifokea ninavyoshika kisu.

Nimempigia daktari wako simu kutoka dukani. Nikamwuliza, "Umemkataza kutembea msituni?" Akasema ndiyo. Nikamwuliza, "Umemkataza kuburutwa?" Nikasikia karatasi zikigeuzwa. Akasema hapana, hilo hakulikataza.

Duane bado alikuwa na wasiwasi, akamwomba Reino aisome sheria ya kitanda kwa sauti, wote wasikie. Reino akasimama akaisoma. Inataka kitanda kilaliwe na mtu wa nyumba yake usiku wa kuamkia ufunguzi, Baba. Haisemi amefikaje.

Binti yako,
Loralee